Bosi wa bodaboda, uliza koleo kabla ya bei

Pikipiki ikianza kuzima njiani, au indiketa zikipepesa zinavyotaka zenyewe, wa kwanza kulaumiwa ni betri. Betri ikibadilishwa na ugonjwa ukabaki palepale, lawama zinahamia kwa rektifaya, kisha kwa CDI, na kila lawama ina bei yake dukani. Mimi ni fundi umeme wa pikipiki hapa Tanga, na msimamo wangu ni huu: spea nyingi za namna hiyo hununuliwa bila sababu. Kilichokufa ni kiungo cha waya, na kimekufa kwa sababu aliyekiunga hakuwa na koleo la kazi hiyo.

Fungua taa ya mbele ya bodaboda yoyote iliyokwisha kupita mikononi mwa mafundi wawili watatu. Utakuta fungu la nyaya limejaa tepu nyeusi. Bandua tepu: gundi imeyeyuka kwa jua, inanata vidoleni, na chini yake nyaya mbili zimesokotwa kwa mkono, nyuzi za shaba zimeota kutu ya kijani. Kwetu huku upepo wa bahari unaingiza chumvi mpaka ndani ya taa. Lakini hata Handeni, mbali na bahari, vumbi, mvua na mtikisiko wa barabara ya changarawe vinatosha. Injini inavyotetema, nyuzi zilizosokotwa zinaachiana kidogo kidogo, hewa inapita, kutu inafuata.

Hasara yake inahesabika. Taa ya wati 35 kwenye umeme wa volti 12 inavuta ampea karibu 3. Kiungo kibovu chenye ukinzani wa nusu omu tu kinakula karibu volti 1.5 kabla umeme haujafika kwenye balbu, na mwanga unapungua kwa karibu theluthi moja. Umeme ulioliwa unageuka joto, karibu wati 4, ndani ya kitu kidogo kuliko harage. Ndiyo maana unakuta soketi imeungua na fyuzi iko salama salimini: fyuzi haioni kosa lolote, maana ampea hazijazidi.

Kiwandani hakuna anayesokota. Temino inayotoka na pikipiki, kile kichwa cha mwishoni mwa waya, ina jozi mbili za mbawa. Jozi ya mbele inabana shaba tupu. Ya nyuma inashika ganda la plastiki, ili mtikisiko uishie kwenye ganda usiifikie shaba. Zikibanwa sawasawa, mbawa za mbele hujikunja na kuzama katikati ya nyuzi. Kata kiungo hicho kwa msumeno mwembamba uone: kina umbo la herufi B, shaba imeshindiliwa mpaka hewa haina pa kupita. Wala si mambo ya jana. Kampuni ya AMP, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1941, ilijijengea jina kwa kuuza temino za kubana kwa waundaji wa ndege na meli. Kama ndege inaruka na viungo vya kubanwa, pikipiki ya Boxer ya kwenda Pongwe haiwezi kuvikataa.

Tatizo letu ni plaizi. Plaizi ya kawaida inaikanyaga temino ikawa bapa tu. Kwa macho imeshika, kwa ndani nyuzi zimelala huru. Koleo la kubana lina midomo iliyochongwa kukunja mbawa hizo kuelekea ndani, na lile la racheti lina faida moja kubwa: likianza kubana haliachii mpaka lifike mwisho. Hata fundi akiwa amechoka jioni, kiungo cha mwisho kinabanwa kwa nguvu ileile ya kiungo cha asubuhi.

Hata ukiwa na koleo, temino nayo ina kipimo. Zile zenye kofia ya plastiki zinatumia midomo ya aina nyingine, na rangi yake si urembo: nyekundu ni ya waya wa milimita za mraba 0.5 hadi 1.5, bluu 1.5 hadi 2.5, njano 4 hadi 6. Nyaya nyingi za pikipiki ni nyembamba, saizi ya nyekundu. Ila fundi anachukua bluu kwa kuwa ndiyo iliyobaki kwenye kopo, kisha anaukunja waya mara mbili ili ujaze tundu. Huo ni usokotaji uleule, umevalishwa kofia.

Wenzangu wa redio watasema kuchomelea kwa risasi ni bora. Kwa redio iliyotulia mezani, sina ubishi. Kwenye pikipiki, risasi ikiyeyuka inapanda ndani ya nyuzi, na pale inapoishia waya mgumu unakutana na waya laini. Mtikisiko unaukatia hapohapo, mara nyingi ndani ya ganda, ambako huoni kitu.

Hoja nzito ni ya bei. Koleo zuri la racheti linakaribia bei ya tairi la nyuma, na kwa kijana anayeanzia chini ya mwembe hiyo si hela ya kuchezea. Simcheki. Lakini nani amemfundisha kwamba koleo halilipi? Ni bosi anayezunguka vijiwe akitafuta aliyetaja bei ndogo. Anaokoa elfu mbili ya ufundi, kesho pikipiki inalala, dereva haleti hesabu, keshokutwa ananunua betri. Mafundi wa kijiwe kimoja wanaweza kuchangia koleo moja likakaa kwa mweka hazina wao. Na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo huwapima mafundi wa mtaani na kuwapa vyeti kwa ujuzi walioupata kazini, iweke kiungo cha kubana kwenye mtihani wa kila fundi pikipiki: amenye waya bila kukata hata uzi mmoja, achague temino, abane, mtahini avute.

Mpaka siku hiyo ifike, mtahini ni wewe bosi. Kabla fundi hajaanza, mwambie akuonyeshe koleo lake. Kabla hajafunga taa, mwambie avute kila kiungo mbele yako, kwa nguvu ya mkono. Waya ukichomoka, arudie kwa gharama yake. Usipochomoka, mwongeze elfu moja juu ya bei aliyoitaja. Bado itakuwa rahisi kuliko betri.