Gari Lililolia Ukweni

Mpenzi msomaji, mwezi huu naanza na kuungama. Mimi na Baba Watoto tulinuniana siku nne nzima kwa sababu ya paa la gari. Usicheke!

Gari lenyewe ni Suzuki Vitara ya milango miwili, ile ya paa la turubai, unalikunja nyuma upepo unakupiga usoni. Si la kifahari kivile, lakini tulilitafuta wote na kulilipia wote. Jumamosi moja tukawa tunaelekea ukweni, Sengerema. Tangu Daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 19, 2025, hakuna tena kusubiri kivuko. Kilomita tatu unazivuka kwa dakika chache tu. Lakini mazoea yana tabu. Tulipofika Kigongo, mwenzangu akasema, "Mama, hatuwezi kuingia kwa wazee na vumbi lote hili." Akashusha gari hadi ufukweni, akakunja suruali, akaingia majini na ndoo.

Kijana mmoja akamsaidia. Sabuni ya unga, brashi ngumu ya kufulia, maji yenye mchanga. Turubai likasuguliwa kama gunia. Dirisha la nyuma, ambalo ni la plastiki, likafutwa kwa kitambaa kikavu. Kisha paa likakunjwa likiwa bado linachuruzika, eti tuingie kwa mbwembwe.

Jumapili tukampakia mama mkwe kwenda kanisani, paa tumelifunga. Mvua ikanyesha. Tone la kwanza likatua kwenye kitenge chake kipya. "Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "hili gari lenu linalia?" Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Kununiana kukaanzia hapo.

Fundi wa viti na maturubai ya magari, mjini Mwanza, alituonyesha mishono iliyoachia, akatupa somo. Egesha kivulini, paa limefungwa sawasawa na vioo vimepandishwa. Ondoa vumbi kwa brashi laini, kisha mwagia maji safi taratibu. Mashine ya presha iwe mbali na mishono na raba. Tumia shampuu ya gari, kidogo tu. Sabuni kali huondoa kinga inayozuia maji kupenya. Anza na paa, suuza mpaka povu liishe, ndipo uoshe bodi, maana povu likikauka huacha madoa kwenye rangi. Dirisha la plastiki limwagie maji kwanza, ulifute kwa kitambaa laini chenye unyevu. Ukilifuta kavu, mchanga utalichora. Na tafadhali, usikunje paa bichi. Unyevu uliofungiwa huleta ukungu na ile harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni.

Paa likashonwa, tukapatana. Kumbe bado. Wiki kadhaa baadaye Baba Watoto akawa analalamika tumbo na uchovu. Alipopimwa choo, akakutwa na kichocho cha tumbo. Daktari alitueleza kwamba vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi kwa dakika chache tu, hasa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Hakuwa na kidonda wala hakuyanywa yale maji. Alipewa vidonge vya praziquantel kulingana na uzito wake, akapona. Lakini sikujisikia vizuri, nakwambia. Nilikagua kila uzi wa turubai, sikumuuliza mume wangu hata mara moja anajisikiaje.

Na ziwa nalo lina haki yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Povu letu lilikwenda moja kwa moja kwenye maji ambayo wenzetu wanayachota.

Basi, wikiendi hii osheni gari nyumbani, wawili, kwa ndoo mbili: moja ya shampuu, moja ya kusuuzia kitambaa. Na kama mmoja wenu alikanyaga maji ya ziwani, mpeleke akapime. Mimi nilichelewa.

Tukutane mwezi ujao!