Mizani ya Kiswahili katika Kiingereza

Mwanafunzi wa Wamagana akiandika kwa Kiingereza kwamba kahawa ya Nyeri ni bora kuliko Uganda, hupoteza alama: amelinganisha zao na nchi. Ajabu ni kwamba kwa Kiswahili angesema “kuliko ya Uganda”, nacho kihusishi “ya” kikasimama badala ya kahawa. Kiingereza hudai “that of” kwa sababu iyo hiyo.

Nahau, hata hivyo, haziwiani. “Kuliko” yetu ni moja. Kiingereza hutaka “than” baada ya “better”, lakini “to” baada ya “superior”. Hizo hukaririwa.

Basi nashikilia kwamba mwalimu anayeharamisha Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza humpokonya mwanafunzi mizani aliyo nayo tayari. Walimu wenzangu, tuitumie mizani hiyo.