Afya Nyumbani: Mishipa ya Fahamu na Sumu ya Shambani

Mpishi ashikapo sufuria ya moto kwa bahati mbaya, mkono wake huruka kabla yeye mwenyewe hajatambua kuwa ameungua. Jambo hilo huonekana dogo, lakini ndani yake mna kazi kubwa. Habari imetoka kwenye ncha za vidole hadi uti wa mgongo, na amri imerudi kwenye misuli, yote hayo kwa muda usiotimia sekunde moja. Watumishi wa kazi hiyo ni seli za fahamu. Katika ubongo wa mtu mzima peke yake hukadiriwa kuwa zimo kiasi cha bilioni 86.

Seli ya fahamu ina kiwiliwili chenye vitawi vya kupokea habari, na mkia wa kuzipeleka mbali. Mkia huo ni mwembamba kuliko unywele, lakini ule uendao hadi unyayoni huweza kufikia urefu wa meta moja. Habari husafiri humo kwa umeme, ila umeme huo si kama ule wa waya. Chembe za sodiamu zimejaa nje ya ukuta wa seli, na za potasiamu zimejaa ndani. Seli itulivu ina tofauti ya umeme ya kiasi cha milivolti 70 baina ya ndani na nje. Ikichokozwa, vilango vya ukutani hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi, kisha potasiamu hutoka na utulivu hurejea. Hivyo wimbi husonga mbele kama moto katika nyasi kavu, isipokuwa nyasi hizi huota tena papo hapo. Katika mishipa iliyo hodari kuliko yote, mwendo wake hufikia meta 100 kwa sekunde. Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley walieleza jambo hilo mwaka 1952, baada ya kupima mshipa mnene wa ngisi.

Lakini mara nyingi mkia wa seli haugusani na seli ya pili. Baina yao mna ufa mdogo mno, na hapo umeme hukoma, kazi ikashikwa na kemikali. Mwaka 1921 Otto Loewi, aliyekuwa akifundisha huko Graz nchini Austria, alichukua mioyo miwili ya vyura. Alichochea mshipa wa moyo wa kwanza, nao ukapunguza mapigo. Kisha maji yaliyokuwa katika moyo huo akayatia katika moyo wa pili, nao pia ukapunguza mapigo, ingawa mshipa wake haukuguswa. Ikadhihirika kuwa mshipa hutoa kemikali yenye kubeba amri. Kemikali hiyo ni asetilikolini. Mwaka 1936 Loewi alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

Asetilikolini ndiyo inayoamrisha misuli ya mwili kukaza. Amri ikishapokewa, kimeng'enya maalumu huivunja kemikali hiyo mara moja, na msuli hulegea ukisubiri amri nyingine. Bila ya kufutwa, amri ya kwanza ingeendelea bila kikomo.

Hapo ndipo elimu hii inapobisha hodi mlangoni mwa kila mkulima. Dawa za kuua wadudu za jamii ya oganofosfati, kama vile malathioni na diazinoni, humwua mdudu kwa kukifunga kimeng'enya hicho. Binadamu naye anacho. Dawa ikimwingia kwa kinywa, kwa pumzi au kwa ngozi, amri hurundikana mwilini. Mate na machozi humtiririka, jasho humtoka, mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano, tumbo humsokota, na misuli hutukutika kisha huishiwa nguvu. Kinachoua hasa ni kushindwa kupumua.

Kwa hiyo dawa ya shambani haifai kumiminwa katika chupa ya soda wala kopo la maziwa, kwani mtoto haoni sumu, huona kinywaji. Ibaki katika chombo chake chenye maandishi, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na chakula. Chombo kilichokwisha dawa kisichotewe maji ya kunywa. Nguo za aliyenyunyiza zifuliwe peke yake, naye aoge kwa sabuni kabla ya kuwabeba watoto.

Mtu akipatwa na sumu hiyo, atolewe kwenye hewa chafu, avuliwe nguo, na mwili wake uoshwe kwa maji mengi na sabuni. Mwenye kumwosha ajikinge mikono yake. Mgonjwa asitapishwe wala asinyweshwe maziwa kwa kudhani yatavunja sumu. Akizimia alazwe kwa ubavu. Apelekwe hospitali bila kukawia, pamoja na chombo cha dawa, ili mganga aisome aina yake. Huko iko dawa iitwayo atropini, yenye kuzuia sehemu kubwa ya amri zilizozidi, na vipo vyombo vya kumsaidia kupumua. Wengi huokoka wakifikishwa mapema. Anayecheleweshwa kwa kujaribiwa dawa za nyumbani huwa hatarini zaidi kila dakika ipitayo.