Hoja Isiyoandikwa

Kwa miaka mingi wataalamu wamekuwa wakiifundisha mitambo ya kompyuta kubishana yenyewe kwa yenyewe. Mwaka 1995 mwanazuoni Phan Minh Dung alitoa kanuni ambayo wengi wanaifuata hadi leo. Kwa kanuni hiyo, hoja isiyopingwa husimama. Hoja iliyopingwa huanguka, ila ikiwa iliyoipinga nayo imeangushwa.

Tuchukue mfano wa shamba huko Kwamndolwa, Korogwe. Bwana mmoja analidai kwa kuwa ana hati. Jirani yake anajibu kwamba hati hiyo ilitolewa wakati miembe ya marehemu baba yake ilikwisha kuzaa papo hapo. Mwenye hati anarudisha kwamba miembe ilipandwa kwa ruhusa ya ukoo wake. Mtambo hausiti: hoja ya ruhusa haikupingwa, basi inasimama, ya miembe inaanguka, hati inashinda. Hesabu haina kasoro. Lakini yuko bibi mzee ajuaye kwamba ruhusa hiyo haikutolewa kamwe, naye amekwisha kuhamia Pemba. Hakuna aliyemwuliza. Kwa mtambo, bibi huyo hayupo duniani.

Hatuichukii elimu hii. Mwezi Februari 2019, mjini San Francisco, mtambo wa IBM ulishindana na Harish Natarajan, bingwa wa midahalo. Binadamu alishinda kwa kuwavuta wasikilizaji, lakini wengi wao walikiri kwamba mtambo ndio uliowaongezea maarifa zaidi. Msaidizi wa namna hiyo angeyafaa mabaraza yetu ya kata, ambayo tangu mwaka 2021 yamebakiwa na kazi ya kusuluhisha migogoro ya ardhi, si kuiamua.

Mahakama zetu zimekwisha anza kutumia mitambo kunakili mashauri. Kutoka kunakili maneno hadi kuyapima si safari ndefu, na ndiyo maana tunawaomba wakuu wanaohusika, wa Bara na wa Visiwani, watamke mapema ni nani atakayekusanya hoja. Kila mdai asomewe orodha nzima, kwa Kiswahili anachokielewa, na awe na haki ya kuongeza. Sheha wa Wete na mwenyekiti wa mtaa Kwamndolwa wapewe uwezo wa kuandika ushahidi wa aliye mbali, na ushahidi huo ufike barazani kabla mtambo haujawashwa.