Biharusi, Yai Lako Usimwachie Mwengine



Leo tuzungumze chai ya asubuhi ya safarini, na hasa yai. Sisi ni washonaji, na nguo za maharusi zimetufikisha mpaka Mara: Bunda, Musoma na Butiama. Rai yetu ni kwamba mwanamke akiwa safarini akae kitako ale, na yai asilikose. Wengi wetu tunajinyima kwa haya, kwa hofu ya haramu, au kwa maneno ya watu.

Tuanze na chakula chenyewe. Ukitoka Mwanza kwa basi, unaifikia Bunda kabla ya Musoma. Asubuhi hukosi chai ya maziwa, chapati, viazi vitamu vya kuchemsha na mayai. Yapo ya kuchemsha na chumvi, ya kukaanga na kitunguu na nyanya, na chipsi mayai, ambayo wenzetu wa bara wanaiita zege. Musoma mji uko ukingoni mwa ziwa, kwa hiyo na sato wa kukaanga yupo. Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, utapata uji na yai la kuku wa kienyeji, kiini chake manjano kwelikweli.

Msiidharau zege. Huko Hispania chakula chao cha fahari ni hichohicho, mayai na mbatata, nao wanakiita tortilla. Mbatata hukatwa nyembamba, zikapikwa taratibu kwenye mafuta ya zaituni, wengine wakatia kitunguu. Kisha huchanganywa na mayai na kugeuzwa kwa sahani, ikatoka nene kama mkate wa kumimina. Mtu hula kipande na kahawa ya maziwa, au akala mkate wa kuchoma uliopakwa nyanya na mafuta ya zaituni. Wageni wanakipiga picha na kukisifia, nasi ya kwetu ya Bunda tunaiita chakula cha barabarani. Tofauti kubwa ni mafuta na moto mdogo tu.

Sasa halali. Yai halichinjwi, kwa hiyo hutahangaika kuuliza nani kachinja. Shida iko kwenye kikaango. Bara kuna sehemu zinazopika nguruwe, na Hispania nyama hiyo huchanganywa mpaka na mayai. Basi uliza kwa upole: "Samahani kaka, kikaango hiki mnapikia nini kingine?" Kuuliza si ujeuri. Misikiti ipo Musoma na Bunda, na kina mama wa pale watakuelekeza wanapokula wao. Ukibaki na shaka, chukua la kuchemsha ulimenye mwenyewe, useme Bismillah.

Na haya je? Tumeona dada zetu wanashinda na soda na biskuti kuanzia alfajiri mpaka magharibi kwa kuona vibaya kula mbele za watu. Chagua meza ya pembeni, uelekee ukutani, ule kwa nafasi yako. Stara haikukutaka ushinde na njaa.

Kubwa zaidi ni maneno ya watu. Buganda, ng'ambo ya Ziwa Victoria hilohilo, zamani mwanamke alikatazwa kuku na yai, wanaume wakila. Kwetu Tanzania mpaka leo wapo wajawazito wanaoambiwa wakila mayai mtoto atazaliwa hana nywele. Biharusi anayeolewa mbali na kwao anaweza kuyakuta hayo kwa wakwe, na aliye mgeni atabisha vipi? Anawakaangia wengine, yeye anabaki na chai na kiazi.

Dini haikumkataza mwanamke yai. Yai moja lina kiasi cha gramu 6 za protini, na hapana wakati mwanamke anapoihitaji zaidi kuliko akiwa amebeba mimba. Cha kuzingatia kwa mjamzito ni liive vizuri, kiini kisibaki majimaji.

Biharusi, hatukwambii ugombane na mama mkwe. Mwambie kwa adabu, "Mama, kliniki wananihimiza nile mayai," kisha zungumza na mumeo, maana wa kuwaambia wazee wake ni yeye. Nanyi mabwana harusi, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa hata tonge mume analomtilia mkewe mdomoni lina ujira. Hilo tonge liwe na yai. Ikiwa kuna yai moja tu mezani, ligaweni.

Na nyie kina mama wakwe mnaotusoma, mkamwana anapokuja kwa mara ya kwanza, mkaangieni yai mumuwekee kwenye sahani yake bila kungoja aombe. Atajua amefika kwao.

Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa zetu na riziki zetu. Amin.