Serikali Inayojua Kudai Ijifunze na Kudaiwa

Mwezi uliopita alinitembelea ofisini binti niliyemfundisha miaka kumi na miwili iliyopita. Baada ya "Shikamoo, Mwalimu" na kuulizana habari za nyumbani, alitoa mkobani bahasha ya kaki, akatandaza mezani kwangu karatasi nne: oda ya ununuzi, hati ya kupokelea mali iliyotiwa saini na mtunza stoo, ankara, na risiti ya mashine ya EFD. Zote zilihusu samani alizopeleka katika taasisi moja ya umma. Karatasi zilikuwa kamili. Kilichokosekana ni fedha. Miezi kumi na moja ilikuwa imepita.

"Mwalimu," aliniuliza, "hivi ankara yangu iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Kwa mtu anayejipatia riziki kwa kufundisha masuala ya utawala wa umma, kukosa jibu la swali jepesi namna hiyo ni jambo la fedheha. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kupewa majibu manne. Kwanza aliambiwa ankara ipo kwa mhasibu. Kisha akaambiwa imerudishwa kitengo cha ununuzi. Baadaye ikawa mwenye saini yupo safarini. Mwisho akaelezwa kuwa mwaka wa fedha umefungwa, kwa hiyo deni lake litaingizwa katika orodha ya madeni yanayosubiri uhakiki. Katika safari zote hizo hakuna ofisa aliyekana deni, na hakuna aliyelipa.

Sasa tazama, ndugu msomaji, jinsi Serikali hiyo hiyo inavyodai. Tangu mwaka 2017 tunao mfumo wa kielektroniki wa makusanyo ya Serikali, GePG. Ukihitaji leseni, ukitaka kulipia ardhi au ada katika chuo cha umma, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo mtaani tumezoea kuiita "kontro namba". Namba hiyo inamjua mdaiwa, inakijua kiasi, na mara nyingi inaijua hata siku yake ya mwisho. Unalipa kwa simu, na ujumbe wa kuthibitisha unaingia kabla hujairudisha simu mfukoni. Hapa hakuna habari ya mwenye saini kusafiri.

Kabla ya hapo, mwaka 2010, zilikuja mashine za EFD, na tangu wakati huo risiti ya mfanyabiashara imekuwa taarifa inayosafiri hadi Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2023 ukaja mfumo wa NeST, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huo ikaweka msingi wa kufanya ununuzi wa umma kwa njia ya kielektroniki. Upande wa matumizi, Hazina inao MUSE, Mfumo wa Ulipaji Serikalini. Hatuwezi basi kusema kwamba nchi yetu haina wataalamu au haina mitambo. Tumeweza kuitangaza zabuni kwa kompyuta, kuikadiria kodi kwa kompyuta na kulipa kwa kompyuta. Ila katikati ya safari hiyo kuna kituo kimoja ambapo mzabuni husema, "Nimefikisha mali, naomba haki yangu." Katika kituo hicho binti yangu alibeba bahasha ya kaki.

Sina ugomvi na wahandisi wa mifumo. Naamini wanaweza kuiunganisha ankara na oda yake, na oda na malipo yake. Hoja yangu ni ya kisheria na ya kimaadili: ankara ya mzabuni haina budi kuwa na tarehe ya kupokelewa isiyoweza kufutika, na tarehe hiyo haina budi kuwa na matokeo. Bila hayo, kuigeuza karatasi kuwa faili la kompyuta ni kulihamisha vumbi kutoka kabatini kulipeleka kwenye seva.

Naomba tuone gharama ya kituo hicho kwa hesabu ndogo. Tuchukue mzabuni aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ambayo ni asilimia 18. Anauzia ofisi ya umma bidhaa za shilingi milioni 50 kabla ya kodi. Ili azipate, amezinunua kwa muuzaji wa jumla kwa milioni 40, akaongeza VAT ya milioni 7.2. Akishatoa ankara ya kodi, mauzo yake yanadaiwa VAT ya milioni 9. Anaondoa milioni 7.2 alizolipa awali, anabakiwa na milioni 1.8 za kuwasilisha ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kimsingi kodi hii huanza kudaiwa ankara inapotolewa, hata kama mnunuzi hajalipa. Jumlisha sasa: milioni 40, milioni 7.2 na milioni 1.8. Milioni 49 zimekwisha kutoka mfukoni mwa mzabuni, bila kuhesabu usafiri, vibarua na riba ya benki, ilhali ofisi haijamlipa hata senti. Siku itakapolipa, itazuia pia asilimia 2 ya kodi ya mapato kwa bidhaa zilizouzwa Serikalini.

Kwa maneno mengine, dola inadai kodi ya fedha ambazo dola yenyewe haijazilipa. Mkono wa kulia unajua saa na dakika ankara ilipotolewa, kwa kuwa mashine imeuarifu. Mkono wa kushoto unasema ankara haionekani.

Binti yangu aliniambia jambo jingine, nalo ndilo lililonikera zaidi. Ofisi ile ilimtaka alete kwanza risiti ya EFD ndipo malipo yaandaliwe, maana wakaguzi huhoji malipo yasiyo na risiti. Naielewa hofu ya mhasibu: hoja ya ukaguzi ni mzigo mzito. Hata hivyo risiti ni ushahidi wa kupokea fedha, na kumlazimisha mtu athibitishe kupokea kile ambacho hajapewa ni kumfundisha kusema uongo kwa mujibu wa utaratibu. Isitoshe, ankara iliyolala huamshwa. Kila aliyewahi "kufuatilia" anajua kwamba kitenzi hiki hakina maana ya kutembea tu. Kina nauli, kina soda, na wakati mwingine kina asilimia. Rushwa hustawi palipo na kusubiri kusikoonekana mwisho.

Maradhi haya si ya Tanzania peke yake. Majirani zetu wa Kenya wamesonga mbele kwa ankara za kielektroniki kupitia mfumo wa eTIMS, na tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya mfumo huo kwa kawaida haikubaliki katika hesabu ya kodi ya mapato. Ni hatua kali. Lakini mwaka 2023 Kenya hiyo hiyo ililazimika kuunda kamati ya kuhakiki madeni ya Serikali yasiyolipwa, mengine ya tangu mwaka 2005. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa amefikisha umri wa kupiga kura huku kuna mzabuni anayesubiri kuthibitishiwa kwamba alileta mali. Funzo ni kwamba ankara ya kielektroniki iliyobuniwa kumsaidia mkusanya kodi humsaidia mkusanya kodi. Ikiwa tunataka imsaidie pia mdai, lazima tuibuni hivyo kwa makusudi.

Italia walijaribu. Ni nchi iliyokuwa na sifa mbaya barani Ulaya kwa kuwacheleweshea wazabuni malipo yao. Tarehe 6 Juni 2014, wizara na asasi nyingine za serikali kuu zilianza kupokea ankara za kielektroniki pekee. Tarehe 31 Machi 2015 zikafuata ofisi nyingine zote za umma, zikiwamo halmashauri. Kila ankara hupita katika lango moja la taifa, na lango hilo humrudishia mzabuni uthibitisho wa kufika. Ofisi ina siku 15 za kuikubali au kuikataa kwa njia ya mfumo. Zikipita kimya, mfumo wenyewe hutoa taarifa kwamba muda wa kukataa umekwisha. Baadaye, mwaka 2020, zikatungwa kanuni zinazotaja sababu chache tu zinazoruhusiwa za kuikataa ankara, ili ofisi isizue visingizio. Tena tangu mwaka 2015, kwa mauzo mengi ya aina hii, ofisi inayonunua huipeleka VAT moja kwa moja hazina, hivyo mzabuni hachangishwi kodi ya mauzo ambayo hajalipwa.

Je, Italia ikapona? Hapana, si kwa siku moja. Januari 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliitia hatiani kwa kushindwa kuhakikisha kuwa ofisi zake zinalipa katika muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni siku 30 na hauzidi 60. Nalitaja hili ili nisije nikauza mfumo wa kompyuta kama dawa ya mganga. Programu haichapishi noti. Kinachobadilika ni kwamba deni linakuwa na tarehe, na penye tarehe pana ucheleweshaji unaoweza kuhesabika mbele ya hakimu.

Nazijua hoja za upande wa pili, na nyingine nimezitoa mwenyewe darasani. Ya kwanza husema kuwa ofisi hazilipi kwa sababu hazina fedha. Mgawo wa Hazina haujafika. Ni kweli mara nyingi. Lakini basi oda ilitolewa kwa mamlaka gani? Mfumo unaoiunganisha oda na fungu la bajeti unaweza kuizuia oda isiyo na fedha kabla mzabuni hajakopa. Ya pili husema kuna madeni hewa, hivyo uhakiki ni lazima. Nakubali kabisa, na ndiyo maana nataka uhakiki ufanyike wiki ile ile mali inapofika, wakati mtunza stoo bado yupo kazini na viti bado vipya, badala ya miaka mitatu baadaye ambapo mashahidi wamehamishwa na wengine wamestaafu. Ya tatu husema wazabuni wadogo hawataumudu mfumo. Hawa ndio waliokwisha kulipa kila ada ya Serikali kwa simu ya mkononi. Wanachoshindwa kukimudu ni nauli ya kufuatilia.

Napendekeza mambo manne. Mosi, ankara iwasilishwe kupitia mfumo ule ule uliotoa zabuni, na mzabuni apewe papo hapo namba yake ya kumbukumbu ya kudai, kama sisi tunavyopewa ya kulipa. Pili, ofisi iwe na siku 14 za kuikubali au kuikataa kwa sababu zilizoandikwa. Ikinyamaza, ihesabiwe kuwa imekubali, na riba ya ucheleweshaji ijihesabu yenyewe. Leo, hata mkataba ukiitaja riba hiyo, ni mzabuni gani mdogo atathubutu kuidai kwenye ofisi anayotarajia kuomba zabuni tena mwakani? Tatu, VAT ya mauzo kwa Serikali idaiwe siku Serikali inapolipa. Nne, kila taasisi ichapishe kila robo mwaka umri wa ankara zake zilizokubaliwa na kutolipwa. Wabunge na madiwani waione orodha hiyo kabla ya kusubiri taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Suala hili linawagusa zaidi wale tunaosema tunawainua. Sera yetu inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni sera njema. Lakini fikiria kikundi cha akina mama kilichokopa halmashauri, kikashona sare kwa oda ya ofisi ya umma, kisha kikakaa miezi tisa bila malipo. Marejesho ya mkopo hayasubiri uhakiki. Kampuni kubwa itavuka ukame huo kwa dhamana ya benki. Kikundi kitauza cherehani.

Binti yangu alizikusanya karatasi zake, akazirudisha katika bahasha. Nilimuuliza kama ataomba zabuni nyingine Serikalini. Alisema ataomba, ila safari ijayo ataongeza bei, kufidia miezi ya kusubiri. Hakuwa na nia ya kuiba, alikuwa anajilinda. Wazabuni wengi wakijilinda hivyo, dawati la shule, dawa ya zahanati na karatasi ya mtihani vyote vitakuwa ghali kuliko thamani yake, na mlipaji ni wewe na mimi.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwa Serikali yetu ningeongeza kwamba kabla ya dawa hutangulia vipimo, na kipimo cha kwanza ni kukiri kwa maandishi, kwa siku na saa: ankara yako tumeipokea.