Sumu Iliyokatazwa Bara Ikaruhusiwa Visiwani

Sisi tulio watu wa kisiwa twataka leo muwatazame wenzetu wa Martinique na Guadeloupe, visiwa vya bahari ya Karibi vilivyo chini ya Ufaransa.

Huko, tangu mwaka 1972, mashina ya migomba yalimwagiwa unga uitwao klodekoni ili kuua fukusi. Wenyewe waliuita dawa, kama nasi wenye maduka tulivyozoea kuita dawa kila lililomo koponi. Mwaka 1975 kiwanda kilichoutengeneza katika mji wa Hopewell, Marekani, kilifungwa, maana wafanyakazi wake walitetemeka, na baadhi yao wakapungukiwa na mbegu za uzazi. Khabari hiyo haikuwa siri. Hata hivyo unga uliendelea kumwagwa visiwani. Mwaka 1990 Ufaransa ikaukataza. Lakini wenye mashamba ya Martinique na Guadeloupe wakaachiwa kuutumia hata 1993. Twauliza: je, mama mjamzito wa huko aliulizwa?

Na tazameni mgawanyo wenyewe. Ndizi, kwa kuwa yaning'inia juu, haipati sumu hiyo ila chembe. Ikapakiwa melini kwenda Ulaya. Sumu ikabaki udongoni, ambamo yaweza kukaa karne kadhaa, ikaingia katika viazi vikuu na majimbi, chakula cha wenyeji, kisha ikashuka mitoni na baharini kwa samaki. Katika kila watu wazima 100 wa visiwa hivyo, zaidi ya 90 wameonekana nayo damuni.

Wataalamu waliowapima wajawazito wa Guadeloupe kuanzia 2004 waliona kuwa wale wenye sumu nyingi zaidi damuni walikabiliwa zaidi na hatari ya kuzaa kabla ya miezi kutimia. Na miongoni mwa wachanga walioipata, wako walioonekana wazito katika kazi za vidole. Mtoto aliye tumboni hakuuza ndizi wala hakuila faida yake!

Kesi ilifunguliwa 2006. Januari 2023 mahakimu wa Paris wakaifunga, huku wakikiri kuwa ni kashfa ya afya, kwa hoja kwamba mambo ya zamani vile ni taabu kuyathibitisha. Insafu gani hii, ilhali waliochelewesha si wale wagonjwa?

Nasi twawaambia wenye amri bandarini kwetu: kilichokatazwa kwa mkulima wa Ulaya kisishushwe hapa, na kila kopo liandikwe kwa Kiswahili lina nini na lamdhuru nani. Sisi wenye maduka tutakuwa wa kwanza kuyasoma maandishi hayo.